Vichwa Sitini na Kimoja

6 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua hii usiisome kwa sauti kama zile nyingine. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama ambaye ninalala naye chumba kimoja. Vile vichwa sikuvihesabu.

Naanza mwanzo ili nisipate mahali pa kujificha. Mama alipopata kazi ya kusimamia chumba cha kufulia cha hospitali kubwa ya huku mjini, Baba alisema hawezi kufunga kibanda chake cha kunyolea kwa kubahatisha tu. Kwa kuwa mimi nimemaliza shule na sina pa kwenda mpaka matokeo yatoke, nikatangulia na Mama. Wewe, Baba na mapacha mkabaki. Kazi niliyopewa ilikuwa moja: nisimame kwenye kona ya mtaa wetu mpya, saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, siku tatu, nihesabu vichwa vya wanaume wanaopita. Tena si kuhesabu tu, ni kuvipanga. Kibichi ni kile kilichonyolewa wiki hii. Kilichoiva ni kile ambacho mwenyewe ameanza kukikuna. Kilichochacha ni kile ambacho mstari wa kisogoni umepotea na mwenye nacho anajifanya hana habari. Baba alinifundisha kwa wateja wake mwenyewe. Ananiuliza, "Mnong'ono, huyu je?" Nami najibu, "Kimeiva, Baba." Siku moja mteja akadakia, "Mimi nimechacha, binti, sema tu usinionee haya."

Ndivyo na yeye alivyofundishwa na aliyempa kazi: usiweke kiti mahali ambapo hujahesabu vichwa.

Bibi, siku ya kwanza nilisimama pale kona kwa muda ambao hata chai isingechemka. Nilihesabu wanne. Wa tano aligeuka akaniuliza, "Unamtafuta nani?" Nilitaka kusema simtafuti mtu. Kilichonitoka ni "Shikamoo," na alikuwa kijana wa kunizidi miaka mitatu tu. Akacheka mpaka akajishika kiuno. Nilipanda ngazi hadi ghorofa ya nne bila kugusa ukuta, na sikushuka tena siku hiyo.

Nikakaa jikoni nikamwandikia Baba namba za kichwani mwangu. Jumamosi arobaini na nane. Jumapili hamsini na tatu. Jumatatu sitini na kimoja, na kati ya hivyo arobaini vimechacha. Ya Jumatatu niliijaza zaidi kwa sababu ndiyo ilikuwa ya mwisho na nilitaka iishie vizuri.

Niliandika vingi kwa sababu nataka aje. Mama akirudi kazini huanza kusema, "Hivi wewe baba..." kisha anakumbuka hayupo, anamalizia kwangu, "Nipe chumvi." Anakula amesimama. Akiniona namtazama anasema miguu imezoea.

Mengine yote niliyoandika ni ya kweli. Maji yanatoka alfajiri tu, na jengo zima linasikika likijaza ndoo. Kamba za nguo ziko juu ya paa na kila nyumba ina zamu yake. Jua linaingia dirishani kwetu kidogo asubuhi, kisha linahamia kwa jirani. Watu hawasalimiani ngazini. Mwanzoni niliumia, sasa nimegundua kwamba hakuna anayeniuliza kwa nini niko kimya. Huko kila mtu ananijua kwamba mimi ni mwoga wa watu. Huku hawajui. Hilo nalipenda, na naona vibaya kulipenda.

Lakini wale wanne niliowaona kwa macho yangu, wote walikuwa wabichi. Na jana Baba alipopiga simu aliniambia, "Sitini na kimoja! Mnong'ono, huo si mtaa, huo ni msitu!" Akasema fundi viatu wa jirani anakitaka kibanda na ameshaanza kukipima kwa hatua. Kwenye simu nasikia anavyopumua, nashindwa kusema. Akishatoa kibanda, hakirudi. Nifanye nini?

Mjukuu wako,
Mnong'ono

*

12 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako imefika na stempu ikiwa kichwa chini. Miaka thelathini na moja nimekaa dirisha la tatu la posta, nikadhani angalau hilo nimekurithisha.

Nimeisomea chooni, mahali pekee ambapo mapacha hawaingii bila kugonga. Wanagonga sana, lakini wanagonga.

Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: umefanya vibaya. Baba yako ameibandika ile karatasi ya namba kwenye kioo cha kibanda. Kila anayenyolewa anaisoma. Juzi mwenye duka la vyuma aliisoma mpaka mwisho, akauliza, "Huko wanaume hawana wake wa kuwaambia?" Kibanda kizima kikacheka, na mwanangu akacheka kuliko wote. Muda mrefu sijamwona akicheka hivyo, ndiyo maana nimekasirika nawe kwa shida.

Mimi sitamwambia. Barua ni ya aliyeandika na aliyeandikiwa. Nilipokuwa posta nilijua posa za watu zilizokataliwa kabla ya wenyewe kujua, maana bahasha ya kukataa huwa nyembamba, na sikufungua mdomo. Sitaanza leo.

Lakini na wewe hutakaa jikoni. Utashuka, utahesabu. Mtu aliyesimama bure lazima aulizwe anamtafuta nani, ni haki yao. Mwenye kazi mikononi haulizwi. Chukua ndoo uigeuze uikalie, chukua kitu cha kushona, hapo utatazama visogo vya mji mzima na hakuna atakayekuona. Kisha niandikie namba, hata kama ni moja.

Kuhusu hiyo ghorofa ya nne, magoti yangu yanauliza kama ya kwanza imejaa.

Na kupenda mahali ambapo hakuna anayekujua si dhambi. Mimi nilipenda lile dirisha langu kwa sababu lilikuwa na kioo katikati. Nani aliyekuambia umeokota huo woga barabarani?

Bibi yako

*

13 Machi

Mnong'ono wangu,

Natumaini wewe na Mama mu wazima. Sisi wazima, ila mapacha wamekata nywele za mwanasesere wao kwa mkasi wangu wa kazi. Wamemwacha na kisogo kibaya mno, nikalazimika kumrekebisha mbele ya wateja.

Umeniandikia ukurasa mzima wa vichwa na mistari michache ya maisha. Sasa nijibu. Mama yako miguu bado inavimba jioni? Anacheka huko? Anacheka na nani? Shule ya mapacha iko upande gani wa barabara, na je, kuna mtu wa kuwavusha? Majirani wakisikia mtoto analia wanafungua mlango au wanafunga? Hayo ndiyo nataka kuyajua, vichwa nimeshavielewa.

Nimekubaliana na fundi viatu. Anaingia tarehe thelathini. Tumepeana mikono mbele ya watu wawili.

Wateja wamenishangaza. Nilidhani watasema kwaheri waende zao. Mwenye duka la vyuma aligoma kuondoka kwenye kiti. Anasema kichwa chake kina bonde upande wa kushoto, ni nani mwingine atakayelijua? Nikamwambia nitamwandikia maelekezo ampe kinyozi atakayemfuata. Nilitania, naye akakaa kusubiri. Nikaandika: "Upande wa kushoto juu ya sikio, usikandamize. Mbele acha kidogo, anadhani hatujui." Alisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati. Kesho yake wakaja wengine wanne wanataka za kwao. Mpaka leo nimeandika kumi na tisa.

Mwambie Mama yako sina wasiwasi hata kidogo. Mwambie mara mbili.

Baba yako,
kinyozi

*

21 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Stempu hii nimeigeuza mara mbili kabla ya kuibandika.

Nimehesabu. Nimekaa juu ya ndoo siku tatu, asubuhi na jioni, nikishona foronya za hospitali ambazo Mama huleta zikiwa zimefumuka. Ulisema kweli, hakuna aliyeniuliza namtafuta nani. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alisimama, lakini alitaka kujua kama nashona na zipu. Nilimshonea. Sasa ananisalimia ngazini kwa sauti kubwa, na sijui nimpe sauti gani.

Siku ya kwanza walipita mia na kumi na wawili. Tisini na saba wabichi. Kumi na watatu wameiva. Wawili tu wamechacha, na mmoja wao alikuwa anafuga kwa makusudi. Siku nyingine hazikupishana na hiyo. Bibi, kuna saluni tatu kwenye mtaa huu mmoja. Zina vioo mpaka sakafuni, feni, muziki, na vijana wanaomaliza kichwa kabla wimbo haujaisha. Mtaa huu haumhitaji Baba. Barua yake nilikuwa nimeiweka mfukoni nilipokuwa nahesabu. Kumi na tisa, Bibi. Ameandika maelekezo kumi na tisa.

Nilipanga kumwandikia siku hiyohiyo. Halafu Alhamisi nilipeleka foronya kwa Mama kazini, na yaliyonikuta huko ndiyo yamenichelewesha.

Chumba cha kufulia kiko chini kabisa ya hospitali. Mashine zake zina milango ya duara, mvuke umejaa mpaka unaona watu nusunusu. Wanawake wanakunja mashuka wawiliwawili, wanasogeleana, wanaachana, wanasogeleana tena, wote wanaongea kwa pamoja. Mama yuko katikati na kalamu sikioni. Bibi, huyo si Mama wa nyumbani. Alikuwa anacheka. Aliponiona akasema, "Usisimame hapo unazuia kitoroli. Au tuseme umekuja kukisukuma?" Wote wakaitikia, "Amekuja kukisukuma!" Nikakisukuma.

Tulipanda naye hadi wodi ya wanaume waliovunjika mifupa. Wako thelathini na wanne, wengine miguu imening'inizwa kwa kamba na vyuma, wamelala miezi. Si wagonjwa wa kufa, wamechoka tu kulala. Nilikuwa nabadilisha foronya, na kwenye kila mto kuna kichwa, na kabla sijajizuia nikawa nimeshaanza. Kimechacha. Kimechacha. Kimechacha. Kimeiva. Kimechacha. Kichwa kilicholala hakigeuki, Bibi. Nilihesabu thelathini na kimoja vilivyochacha.

Mmoja aliyening'inizwa mguu wa kulia akaniuliza, "Binti, una kioo?" Nikatikisa kichwa. Akasema, "Afadhali. Nilitaka kujua kama mke wangu atanitambua Jumapili." Mama akamjibu kutoka kitanda cha pili, "Atakutambua kwa kelele." Wodi nzima ikacheka, wengine wakashika mbavu maana kucheka kunawauma.

Tulipotoka nilimuuliza Mama nani huwanyoa. Akasema hakuna. Wauguzi wana kazi zao, na vinyozi wa mtaani wanaogopa harufu ya dawa. "Wanaletwa watu," akasema, "wanaondoka simba."

Ninachotaka kukuuliza ni hiki. Kwa nini Baba hanyoi mtu aliyelala? Jirani yetu alipovunjika nyonga walimwita akamnyoe kitandani, akasema mashine imekufa. Mashine haikuwa imekufa. Nilikuwepo kibandani, ilikuwa mkononi mwake inanguruma.

Mnong'ono

*

26 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Hii nayo nimeisomea chooni, ila safari hii nilikaa kidogo.

Babu yako hukumkuta. Alipougua alikuwa analala chumba hiki ninachoandikia. Alikuwa mtu wa ndevu safi, akiamka hajanyolewa anasema bado hajaamka. Baba yako ndiyo kwanza alikuwa amepewa wembe wake wa kwanza, kijana wa umri wako. Akawa anamnyoa kila asubuhi, mimi nikishika bakuli la maji. Asubuhi moja akamaliza upande wa kushoto, akamgeuza uso apate wa kulia, tukaona kwamba tumebaki wawili chumbani.

Hakupiga kelele. Aliendelea na upande wa kulia mpaka mwisho. Hakutaka baba yake aonekane nusu. Nilisimama na bakuli langu mpaka alipofuta wembe. Tangu siku hiyo hatujawahi kuliongelea, yeye na mimi, na tunakula meza moja.

Kwa hiyo usidhani umempatia kazi. Umepata mlango, na mtu unayemfungulia huo mlango huwa anazunguka nyumba nzima asipite hapo.

Mwandikie mwenyewe. Yote. Fundi viatu anaingia tarehe thelathini, na barua huchukua siku tatu, nne ikipitia kwa karani mvivu. Nami nawajua makarani wote wavivu wa njia hiyo kwa majina.

Bibi yako

*

30 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Barua ya Bibi imenifikia leo, na leo ndiyo siku fundi viatu anaingia, kwa hiyo najua nimechelewa. Nimechukua simu ya Mama mara tatu. Mara ya tatu ulipokea ukasema, "Mnong'ono?" nami nikakuuliza umekula nini. Ukasema maharage. Ndiyo mimi huyo.

Vichwa sitini na kimoja havikuwepo. Wala hamsini na tatu, wala arobaini na nane. Nilisimama kona nikaona wanne, mtu akanisemesha, nikakimbia. Namba nilizitunga jikoni kwa sababu nilitaka uje.

Baadaye nilihesabu kwa haki. Karatasi nimeiambatisha. Utaona ni vichwa vibichi vitupu na saluni tatu. Nimekufanya uache kibanda chako kwa ajili ya watu ambao hawapo. Sijui kama kuna namna ya kumrudia fundi viatu. Kama ipo, mwambie kosa ni langu, nami nitamwandikia.

Kuna kitu kimoja tu kingine, na si cha kutunga. Hospitalini kwa Mama kuna wodi ya watu waliovunjika mifupa. Nimehesabu thelathini na mmoja waliochacha, na hakuna anayewanyoa. Bibi ameniambia habari za Babu. Sikuombi. Nakuambia tu kwamba wapo.

Umeuliza kama Mama anacheka. Anacheka kazini. Nyumbani anakusubiri.

Mwanao,
Mnong'ono

*

4 Aprili

Mnong'ono wangu,

Wewe unajua wanaume wananyolewa lini? Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, mji wowote, vichwa ni vibichi kama mchicha. Jumatatu ndiyo siku ambayo kinyozi anafagia, ananoa mikasi, anasinzia. Na wewe Jumatatu yako ndiyo iliyochacha kuliko zote. Arobaini! Miaka kumi na tisa niko kazini, sijawahi kuona Jumatatu ya namna hiyo. Nilijua kabla sijafika chini ya ukurasa.

Sasa kaa chini, maana na mimi nina langu.

Nilijua, na bado nikaibandika kwenye kioo. Mama yako aliponiambia amepata kazi, nilitaka kusema "Twende" siku hiyohiyo. Sikusema. Mwanamume anayemfuata mkewe mjini mikono mitupu huulizwa maswali mengi, na mimi nakaa mahali ambapo kuulizwa maswali ndiyo kazi ya wateja. Mwenye karatasi ya namba haulizwi kitu, anapongezwa. Ulinipa karatasi, nikaishukuru, nikajificha nyuma yake. Mzigo uliodhani unaubeba peke yako mwezi mzima, mwenzio alikuwa ameushika upande wa pili na hakukuambia. Nisamehe, mwanangu. Wewe ulikosea kwa siku moja, mimi kila asubuhi nikifungua kibanda nilikuwa naisoma tena.

Fundi viatu ameshaingia. Ameweka meza pale kilipokuwa kioo. Kiti nimempa akae juu yake akishona, anasema hajawahi kushona viatu akiwa mfalme.

Hayo ya wodi sijui. Nimeyasoma, nikaenda kusimama nje, nikarudi nikayasoma tena. Bibi yako alikuwa anapanga vitunguu, akaniuliza kama nimeona mzimu. Nikamwambia hapana, nimeona barua. Akanisogezea kiti. Sikuahidi kitu kuhusu hao watu thelathini na mmoja. Huenda nikabeba magunia, huenda nikafagia kwenye hizo saluni za muziki.

Nakuja tarehe kumi na mbili. Bibi na mapacha watasubiri shule zifungwe. Mama yako usimwambie kama nilijua. Ah, hapana. Mwambie. Tumechoka kufichana.

Baba yako

*

22 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Baba amefika salama na mkoba wa mashine, mikasi, na ule mwavuli ambao Mama alitumaini umepotea.

Siku nne za kwanza alitengeneza nyumba. Alitengeneza bawaba, bomba, mguu wa kitanda, hadi mlango wa jirani wa ghorofa ya pili uliokuwa unalia. Alitembelea saluni zote tatu, akarudi akisema, "Wanakata vizuri. Hata mimi ningekaa." Halafu akaanza kutengeneza bawaba ambayo alishaitengeneza. Mama akamwona. Anakula amekaa siku hizi, Bibi, lakini maneno yake bado yanasimama. Akasema, "Nimeshaongea na muuguzi mkuu. Jumamosi saa tatu. Ukienda, nenda. Usipoenda, niachie hiyo bawaba, imeshanyooka."

Baba akaniambia, "Utakuja nami kushika taulo."

Jumamosi tukaenda. Tulianza na yule aliyening'inizwa mguu. Ameshakaa pale wiki tisa. Kichwa kilikwenda vizuri kwa sababu tuliweza kumwegemeza na mito, akawa kama amekaa. Baba akawa Baba, anaongea, anamuuliza habari za kazi. Kumbe ni fundi wa kuezeka mapaa, ameanguka kutoka kwenye paa la mama mkwe wake. Baba akasema, "Hapo umeumia mara mbili." Nikajua tumeshavuka.

Lakini kwa ajili ya ndevu ilibidi tutoe mito alale, maana shingo ilikuwa inamuuma. Baba akashika mashine akaanza upande wa kushoto. Akamaliza. Akamshika kidevu amgeuze. Yule mtu alikuwa amefumba macho kwa raha, Bibi, alikuwa anafurahia tu. Mkono wa Baba ukasimama hewani. Mashine inanguruma, na Baba hasogei.

Yule mtu akasema bila kufumbua macho, "Kuna nini, fundi? Umeona kitu kwenye masikio yangu?"

Baba akanitazama. Hakuwa ananiomba kitu, ni kwamba tu nilikuwa pale.

Sijui nilipata wapi ule mkono. Nimekaa kibandani tangu utotoni, najua mashine inavyoshikwa, lakini sijawahi kumgusa mtu kichwa asiyekuwa mdogo wangu. Nikampa Baba taulo, nikachukua mashine, nikasema kwa sauti ambayo hata kitanda cha sita waliisikia, "Geukia dirishani, tafadhali." Akageuka. Nikaanza chini ya sikio. Ngozi ya shavu inavuta kidogo, lazima uinyooshe kwa kidole gumba, kama foronya. Nikateremka hadi kidevuni. Akafumbua macho akaona ni mimi, akasema, "Ahaa, leo nimepata wawili," akayafumba tena. Baba alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda ameshika taulo kwa mikono yote miwili, anamtazama kifua kinavyopanda na kushuka. Alitazama muda wote mpaka nikamaliza.

Nilimkabidhi mashine. Akaisafisha kwa brashi, akaipangusa kwa dawa, akaangalia kitanda cha pili. Nilidhani atasema twende nyumbani. Akasema, "Mzee, habari za asubuhi. Tuanze na kichwa au ndevu?" Na huyo alimnyoa mwenyewe, pande zote mbili, akiwa amelala. Alipomgeuza uso aliweka mkono kifuani pake kidogo, kama anayenyoosha shuka, kisha akaendelea. Na aliyefuata vilevile. Kwa aliyefuata hakuweka tena.

Tulipotoka mchana alinunua miwa, tukakaa kwenye ngazi za hospitali tukatafuna. Kisha akasema, "Jumatatu tena?" Nikasema ndiyo. Sasa anaulizia vyumba vya chini kwenye jengo letu, kwa ajili ya magoti yako. Kuna kimoja kinaachwa mwezi ujao. Hakina jua, lakini kina mlango wa barabarani, nawe utaona kila anayepita.

Akikuandikia, Baba atasema siku ya kwanza alinyoa tisa. Ni nane na nusu. Nusu ile ni yangu, na nimekuambia wewe tu kwa sababu ulikuwepo siku ile nyingine, umeshika bakuli. Mwache aseme tisa, Bibi. Usimsahihishe, wala ukija usimpe Mama barua hii asome. Labda siku moja Baba atakaa mezani akuambie mwenyewe habari za upande wa kulia wa yule mtu. Akianza, msikilize kana kwamba hujawahi kuzisikia, na usimwambie kamwe kwamba nilikutangulizia.

Mjukuu wako,
Mnong'ono